Nguo ya Kompyuta

Taa ndogo ya pembeni mwa kompyuta ilikuwa na tabia ya mtu anayesinzia kanisani: inafumba, inafumbua, inafumba tena. Telesia aliitazama huku ameshika waya wa chaja kwa vidole viwili, ameupinda kuelekea dirishani, maana wiki iliyopita upande huo ndio uliokuwa ukikubali. Wiki hii ulikataa. Akaupinda kuelekea mlangoni, polepole. Taa ikawaka. Akazuia pumzi. Lameki, mumewe, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya jiko la mkaa akiuchua mgongo wake kwa ngumi, akakohoa, na taa ikazimika.

"Samahani," alisema Lameki.

"Si wewe."

"Niwe nakoholea nje?"

"Kohoa tu, Baba Peace. Hii imeshakwisha."

Aliuachia waya ukaanguka mezani. Ukungu wa Julai ulikuwa umekaa juu ya Mjimwema tangu asubuhi, na baridi ilipita chini ya mlango kama mgeni asiyehitaji kukaribishwa. Telesia aliviweka vidole vyake juu ya jiko. Vilikuwa vimekakamaa kwa maji ya dawa, kwa sababu kutwa nzima alikuwa amepiga deki wodi za kituo cha afya anakofanya usafi, na kesho angezipiga tena, na keshokutwa vilevile.

Mwanamke huyu alianza kusoma wakati wenzake wanaanza kupata wajukuu. Kwao Tandala aliishia darasa la saba, akaolewa, akaja Njombe na mumewe mpasua mbao, akamlea binti yao Peace mpaka akamwoza Iringa. Nyumba ilipobaki na watu wawili na ukimya, akaingia madarasa ya jioni. Alipita kidato cha nne kwa kurudia hisabati, akaendelea na cheti cha maendeleo ya jamii, na sasa kilichobaki kilikuwa ripoti moja tu ya mazoezi ya vitendo. Asipoikabidhi Ijumaa kwenye ofisi ya masomo kule Makambako, mwaka ungekuwa umepotea, na yeye alijua moyoni kwamba hangeurudia. Hakuwa na mwaka mwingine wa kulala akiwa ameegemea daftari.

Ripoti ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo isiyochaji. Ilibaki sura ya mwisho, ya mapendekezo. Nakala nyingine haikuwepo popote. Mwalimu aliwaambia mara nyingi waweke nakala kando, na Telesia kila mara alijibu ndiyo, kwa namna ambayo mtu hujibu ndiyo akiwa anasinzia.

"Fundi Agustino alisemaje safari hii?" aliuliza Lameki.

"Kasema ni mazabodi."

"Si alisema chaja?"

"Kwanza alisema chaja. Tukanunua. Ikachaji vizuri siku chache, ikakataa. Akasema betri. Leo kasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ndiyo inayokufa, na kufufua mazabodi ya mashine ya zamani hivi ni kupoteza muda."

"Huyo naye anapanda ngazi tu," alisema Lameki. "Wiki ijayo atasema ni wewe."

Telesia alicheka kidogo tu, kwa sababu jambo hilo lilikaribia sana kile alichokuwa akikifikiri. Aliifunga kompyuta, akaivika nguo yake.

Hiyo nguo ina habari yake. Jumuiya yao ilipochangishana kumnunulia Telesia kompyuta kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha mashine zake, Fidelia, jirani na mzee wa kanisa, hakuridhika kuona zawadi inatolewa uchi. Katika baridi ya Njombe kila kitu cha thamani huvikwa. Mtoto huvikwa, redio huvikwa, hata birika la chai huvikwa. Fidelia alinunua sufu nyeusi, isionyeshe masizi ya jikoni, akakaa nayo ibada baada ya ibada mpaka akatoa mfuko mzito, laini, wenye kifungo kikubwa cha koti. Alimkabidhi Telesia mbele ya watu wote, akasema, "Nayo isipate baridi. Itakufia kabla hujahitimu." Watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo kompyuta haikulala hata usiku mmoja bila nguo yake.

* * *

Kile ambacho Telesia hakumwambia Lameki, wala Fidelia, wala mtu yeyote, ni maneno aliyomwambia Mungu.

Aliyasema jikoni, alfajiri ya siku ile Agustino alipotaja mazabodi. Desturi yake ni kuomba akiwa amesimama mbele ya mafiga, kabla hajawasha moto, kwa sababu akipiga magoti hulala. Asubuhi hiyo aliombea wagonjwa wa wodini, akamwombea Peace na mimba yake, akauombea mgongo wa Lameki. Alipofika zamu yake mwenyewe, maneno yalitoka mepesi kuliko alivyotarajia.

"Bwana, mimi nimechoka. Unajua. Kama mpaka Ijumaa mashine hii haijachaji, nitajua umesema nipumzike. Sitakuuliza tena."

Akasema amina, akawasha moto. Na pale penye moshi akahisi kitu kinalegea kifuani, kama mtu aliyeshushiwa furushi la kuni. Alijua kwamba ni faraja. Alijua pia kwamba si faraja ya aina ambayo angependa kuishuhudia mbele ya jumuiya.

Basi Alhamisi jioni jumuiya ilipokutana nyumbani kwa Fidelia, na Fidelia akasema, "Mama Peace, ilete hapa katikati tuiombee," Telesia alisita mlangoni.

"Jamani, ni chombo tu."

"Chombo tu! Trekta la usharika si tuliliombea? Lilikuwa na roho?"

"Na likawaka," alisema mama mmoja kutoka kwenye mkeka.

"Likawaka! Leta."

Akaileta. Waliiweka juu ya kigoda. Telesia alipotaka kufungua kile kifungo cha koti, Fidelia akamshika mkono. "Usiivue. Huoni baridi hii? Mungu anaona hata ndani ya sufu." Wakaiwekea mikono juu ya nguo, mikono mingi ya wakulima wa viazi, mizito, wakaikandamiza na kuomba kwa sauti, kila mmoja na maneno yake, wengine kwa Kibena, mpaka kigoda kikalia. Telesia naye aliweka mkono. Lakini hakuomba mashine iwake. Aliomba asionekane usoni.

Walipomaliza, Fidelia aliipigapiga ile nguo kama anayebembeleza mtoto. "Nenda kalale nayo. Kesho utaniambia."

Kesho ilifika. Telesia aliichomeka kabla hata ya kunawa uso. Taa haikusinzia wala kufumbua. Ilikuwa giza tupu.

Akaenda kumwamsha Lameki.

"Nakwenda Makambako."

"Imechaji?"

"Haijachaji. Nakwenda kumuaga Mwalimu Hilary."

Lameki aliinuka kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mgongoni. "Kumpigia simu haitoshi?"

"Mtu amenifundisha muda wote huu nimuage kwa simu, kama fundi aliyekimbia kazi? Nitakwenda nimwambie kwa mdomo wangu. Na mashine nitaibeba, asije akadhani ni kisingizio."

Lameki alishusha miguu sakafuni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache aliyokuwa nayo aliyatumia vizuri. "Ukifika huko umwangalie na dada yangu," alisema. "Ukipita Lyamkena bila kumsalimia, jioni hii hii simu yangu haitanyamaza."

* * *

Makambako kulikuwa na upepo mkavu na vumbi la malori, na jua dogo lisiloweza kumpasha mtu joto. Telesia alikuwa amepata lifti katika gari la mzee mmoja wa usharika aliyekuwa anapeleka maparachichi. Njia nzima alikuwa ameipakata kompyuta. Alifika Lyamkena kabla ya adhuhuri, akiwa ameamua kumsalimia wifi yake akiwa amesimama, kisha aende zake.

Judith, mdogo wake Lameki, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta kati ya duka la pembejeo na mama ntilie. Alikuwa na miwani ya kukuzia vitu aliyoipandisha juu ya kilemba, na alipomwona wifi yake akija amekumbatia kitu cheusi kifuani, alisimama akapiga kigelegele barabara nzima ikageuka.

"Wifi! Umejifungua lini, mbona hatukuletewa habari?"

"Nyamaza wewe, tusalimiane kwanza. Kamwene."

"Kamwene. Lete mtoto nimwone. Ee! Amefanana na kaka, hasemi kitu." Aliipokea kompyuta, akaipima uzito. "Huyu ndiye yule wa ofisini? Bado yuko hai?"

"Hayuko hai. Amekufa. Sikuja kutengeneza, nimepita kukusalimia tu, nakwenda kwa mwalimu."

"Amekufa kwa ugonjwa gani?"

"Mazabodi."

"Nani kasema?"

"Fundi wa Njombe."

Judith aliketi, akamwangalia vizuri. Utani ulimtoka usoni kama mtu aliyevua kofia. "Wifi, mimi nakaa hapa kutwa nzima nafungua mashine za watu nisiowajua. Mwenzangu una ugonjwa nyumbani, unampelekea mwingine, na mimi nipo. Kwa nini hukuniletea?"

Telesia alifungua mdomo kusema kwamba Makambako ni mbali, kwamba kazi zilimbana. Yote yalikuwa kweli na hayakuwa jibu. Jibu alilipata pale pale akiwa amesimama, na lilimtia aibu. Hakuileta kwa Judith kwa sababu Judith angeweza kuitengeneza.

"Kaa," alisema Judith, akimsogezea stuli kwa mguu. "Mwalimu hakimbii. Kaa unywe chai."

Akakaa. Chai ililetwa kutoka kwa jirani, ya tangawizi, moto kweli. Telesia aliishika kwa mikono yote miwili na kumtazama wifi yake akifanya kazi.

Judith hakuchukua bisibisi. Alianza kwa maswali, kama nesi.

"Ilianza ghafla au polepole?"

"Polepole. Mwanzo ilikuwa ukiigusa inaacha. Halafu ikawa mpaka uupinde waya. Halafu upinde upande mmoja tu."

"Na chaja mpya ilisaidia?"

"Siku chache."

"Siku chache," alirudia Judith, kama neno lenyewe limemkwaruza. Alichomeka taa ya mezani kwenye soketi kwanza, ikawaka. Akachomeka chaja, akagusisha ncha za mita yake kwenye kichwa cha waya, akatazama namba. "Chaja nzima. Haina kosa." Akaigeuza kompyuta, akaivuta betri, akaiweka kando. "Sasa tuione bila betri. Kama betri ndiyo mgonjwa, mashine itawaka kwa waya peke yake." Akachomeka. Akabonyeza. Kimya.

"Umeona," alisema Telesia. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Judith alikisikia, maana aliinua macho.

"Nimeona kwamba si betri. Ni hilo tu nililoliona."

Alichomoa waya, akauchomeka tena, akauchomoa. Safari ya tatu aliweka ukucha wa kidole gumba pale kichwa cha waya kilipokomea, akakitoa, akakitazama. "Wifi, hiki kinabaki nje. Kinapaswa kuingia chote. Na ukikisukuma kinarudi, kama unasukuma godoro." Alishusha miwani machoni, akawasha tochi ya simu, akachungulia ndani ya tundu. Alichungulia kwa muda. "Ni jeusi tupu. Tundu jeusi, na ndani jeusi." Akainua kichwa. "Mashine hii inalala wapi?"

"Kabatini."

"Ikiwa imevaa nini?"

Wote wawili waligeuka kuitazama ile nguo ya sufu iliyokuwa imekunjwa juu ya benchi na kifungo chake kikubwa cha koti. Judith aliichukua, akaipindua nje ndani, akapitisha kiganja. Kiganja kilirudi na vinywele vyeusi vingi, kama mtu aliyempapasa paka.

"Ee Bwana," alisema Telesia kwa sauti ndogo.

"Kila ukiivisha, kinyuzi kidogo kinaingia. Kila ukichomeka, unakishindilia. Chaja mpya ilikuwa na kichwa kigumu zaidi, ikapenya, na yenyewe ikaendelea kushindilia. Sufu imejaa humo mpaka imekuwa kama kifuniko." Judith alijaribu kibanio chake, hakikuingia. Akajaribu kijiti cha meno, kikavunjika ncha. "Kinene. Wifi, huna ile sindano yenu ya kufumia? Ile nyembamba yenye ndoano?"

Alikuwa nayo. Mwanamke gani wa jumuiya ile alitembea bila sindano yake? Ilikuwa ndani ya mkoba, imechomekwa kwenye kitambaa cha mezani ambacho hakukimaliza tangu aanze masomo. Aliitoa akamnyooshea wifi yake.

"Fanya mwenyewe," alisema Judith. "Mkono wako umeizoea. Umeme nimeutoa, betri nimeitoa, hakuna kitakachokuuma. Pita pembeni tu, katikati kuna pini ndogo, usiipinde. Mimi nikushikie tochi."

Telesia aliishika ile sindano juu ya lile tundu na mkono wake ukasimama.

Siku nzima ilikuwa bado mbele. Angeweza kusema macho yanamuuma. Angeweza kuinuka akaenda zake kwa mwalimu, akaaga kwa heshima, akarudi Njombe jioni akalala, kesho akalala, na keshokutwa baada ya ibada akalala tena. Aliuona usingizi huo mbele yake kama kitanda kilichotandikwa. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Hata Mungu alikuwa ameshashirikishwa.

"Vipi, unaombea?" aliuliza Judith.

"Niache kidogo."

Akainamisha kichwa, na hakuomba kwa maneno, kwa sababu maneno yake yote alikuwa ameyatumia vibaya tangu alfajiri ile jikoni. Alikaa tu kimya mbele za Mungu, jinsi mtoto aliyevunja chungu anavyokaa mbele ya mama yake, akisubiri. Hakusikia sauti. Alisikia lori likibadilisha gia barabarani, na mama ntilie akimgombeza mtu kuhusu sahani. Kisha akaingiza ncha ya sindano pembeni mwa tundu, akaizungusha kidogo kama anayetafuta kitanzi kilichoponyoka, akavuta.

Kilitoka kijinyuzi. Akavuta tena, kikatoka kidonge kidogo cheusi, kimekandamizwa kama ugoro. Kikafuata kingine. Kila alipodhani imekwisha, ndoano ilinasa tena. Mwishowe kikaja kipande kirefu kilichojisokota, kikaning'inia kwenye ndoano, na wote wawili wakakitazama.

"Hicho si ugonjwa wa mazabodi," alisema Judith. "Hicho ni sweta."

Telesia alicheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika gotini, na kicheko kikageuka katikati ya safari kikawa kilio, na akaendelea hivyo hivyo kwa vyote viwili, sindano mkononi. Judith alimwondolea kikombe, akarudisha betri mahali pake, akachomeka waya. Ulizama wote, kwa mlio mdogo wa kitu kilichofika nyumbani. Taa ya pembeni ikawaka. Haikusinzia. Judith akautikisa waya, akauvuta huku na huku. Taa ikabaki imemkodolea macho.

"Usimlaumu yule fundi," alisema. "Nyeusi ndani ya nyeusi. Ungekuja bila hiyo nguo, na mimi ningekwambia mazabodi. Na betri nayo usiitegemee sana, imezeeka, haitakaa na moto muda mrefu. Fanya kazi ukiwa umechomeka." Akamgeukia. "Sasa unalia nini, wifi? Mtoto kafufuka."

Telesia alijifuta kwa ncha ya kitenge. Akamweleza yote: uchovu, maneno ya jikoni, faraja iliyomjia kwenye moshi, mikono ya akina mama juu ya sufu wakati yeye mwenyewe hakuomba iwake. Alieleza akitazama sakafu.

Judith hakuwa mtu wa kwenda kanisani sana, na wote wawili walilijua hilo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Mungu alitaka kukwambia uache shule," alisema, "akaona njia nzuri ni kuziba tundu kwa manyoya ya Fidelia."

"Kwenye Biblia mtu wa kale aliwahi kumwomba ishara kwa manyoya ya kondoo. Akamjibu."

"Haya hata si ya kondoo. Ni ya dukani."

"Ndiyo." Telesia aliliangalia lile donge jeusi mezani. "Yule aliomba ili ajue kama aende. Mimi niliomba ili niruhusiwe kubaki. Mungu hakusema kitu, Judith. Mimi ndiye niliyesema, halafu nikaweka jina lake chini."

"Basi uache au usiache, sasa ni shauri lako."

Hilo ndilo lililokuwa zito. Alitamani mtu mwingine alibebe. Kompyuta ilikuwa imekwisha kuwaka, na ripoti ikafunguka pale pale ilipokuwa imeishia, neno "Mapendekezo" limeandikwa kwa herufi nene na chini yake hakuna kitu. Alirudi nyuma kurasa chache, bila sababu, kwa namna mtu anavyorudi nyuma kutazama njia aliyopita. Ripoti ilihusu watoto wa mitaa yao wanaodumaa ilhali ghala za wazazi zimejaa mahindi na viazi. Alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba baada ya kazi, akiwa na viatu vya wodini. Akina mama walimweleza mambo ambayo hawakuwaambia watu waliokuja na magari. Kulikuwa na mama mmoja aliyesema anaondoka shambani giza na kurudi giza, na mtoto humwachia bibi ambaye naye hana meno, hivyo wote wawili hula kile kile: uji mtupu. Alipomaliza kusema alimshika Telesia mkono na kumwuliza, "Utayafikisha?"

Alikuwa amemjibu ndiyo. Siku hiyo hakuwa anasinzia.

Telesia alichukua simu.

"Shikamoo, Mwalimu Hilary. Ni Telesia, wa Njombe."

"Marahaba, mama. Ninyi wa Njombe mbona kimya? Nafunga ofisi jioni hii na majina nayapeleka."

"Niko Lyamkena. Nilikuwa nakuja kuaga."

"Kuaga? Na sasa?"

Alitazama ile taa ya pembeni, halafu akaacha kuitazama. "Sasa imebaki sura moja. Nisubiri, mwalimu. Nitaichapisha hapa mjini nije nayo."

"Sina haraka ya kwenda nyumbani," alisema mwalimu. "Baridi ni ile ile. Andika."

Judith alikuwa ameshaanza kupangua simu za watu kwenye benchi ili wifi yake apate nafasi karibu na soketi. "Na hiyo nguo?" aliuliza. "Nikupe mfuko wa plastiki uibebee mashine? Hiyo itupe."

"Niitupe nguo ya Fidelia? Utakuja wewe kumwambia?"

"Mimi? Yule mama ananiombea kila akiniona, na sijamwomba."

Telesia aliichukua ile nguo. Ilikuwa na uzito wa jioni nyingi za mtu aliyekaa karibu na moto akihesabu vitanzi kwa ajili yake. Aliikung'uta nje kwenye upepo, vinywele vikaruka kuelekea barabarani, akarudi, akaketi, akaitandaza juu ya magoti yake yaliyokuwa yakimuuma tangu asubuhi. Joto lilishuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kabla hajaanza kuandika, alimtumia Fidelia ujumbe: "Inachaji. Nguo yako inanipasha joto. Msiache kuniombea, nimechoka sana." Hakuna neno hata moja la uongo ndani yake, na la mwisho hakuwahi kulisema kwa mtu.

Jibu lilirudi karibu mara moja. "Haleluya! Nilijua. Ukirudi nitaifumia na chaja."

Alimwonyesha Judith. Judith alilala juu ya benchi kwa kicheko.

Telesia alikuwa bado amechoka. Macho yalimchoma, na kesho wodi zingekuwepo na ndoo zake. Akaweka vidole juu ya herufi, akasema moyoni, Bwana, nisaidie nifike mwisho wa ukurasa huu tu, na chini ya lile neno nene akaanza na yule mama wa uji mtupu.